Heko kwa shule iliyowakumbuka wa mwisho

Msomaji mpenzi, tangu nianze kazi hii ya kalamu nimehudhuria sherehe nyingi za kutuza wanafunzi, na kunradhi nikisema kwamba zinafanana kama shilingi kwa ya pili. Kuna mahema ya kukodi, kuna kipaza sauti kinachopiga mluzi, kuna mgeni wa heshima anayefika saa mbili baada ya wakati. Kisha watoto watatu, wale wale wa mwaka jana na juzi, hupanda jukwaani kuchukua kamusi na seti za hisabati huku wenzao mia kadhaa wakiwapigia makofi. Wazazi wa wale watatu hupiga picha. Wazazi wa wale wengine huangalia saa.

Kwa hivyo dada yangu aliponipigia simu kunialika katika sherehe ya shule ya mwanawe, shule ya msingi ya umma huku Eastlands jijini Nairobi, nilitafuta kisingizio. Nilimwambia nina makala ya kumaliza. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mdogo wangu, njoo tu. Mambo ya shule unajua hayakunikalia vizuri. Sitaki kwenda peke yangu."

Nikaenda. Na ili uelewe kwa nini sikuweza kumkatalia, yanipasa nikurudishe nyuma zaidi ya miaka ishirini, hadi kule Busia tulikozaliwa.

Dada yangu ananizidi miaka miwili. Mwaka 2002 alikuwa Darasa la Saba nami nikiwa Darasa la Tano. Hakuwa mjinga hata kidogo. Siku za Jumamosi alimuuzia mama nyanya sokoni, akirudisha chenji bila kukosea shilingi. Lakini Kiingereza alikisoma kwa kusuasua, na mitihani yote, isipokuwa Kiswahili, ilikuwa kwa Kiingereza. Mwisho wa mwaka huo mwalimu mkuu alimwita mama, akamwambia binti arudie darasa. Mama hakuuliza kitu. Enzi hizo mzazi akiitwa shuleni alikwenda kusikiliza.

Januari 2003 elimu ya msingi ikafanywa kuwa ya bure. Msomaji wa rika langu atakumbuka vurumai ya wiki ile. Kote nchini idadi ya wanafunzi wa shule za msingi iliruka kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2 kwa mwaka mmoja. Kwetu tuliketi wanne kwenye dawati la watu wawili, na aliyechelewa aliketi sakafuni. Lilikuwa jambo jema, sitaki kueleweka vibaya. Nina marafiki ambao bila mwaka huo hawangeijua herufi. Lakini mwalimu mmoja mbele ya watoto tisini hana budi kuchagua nani wa kumfundisha, na aghalabu huwachagua wale wanaoinua mikono. Dada yangu, aliyekuwa akirudia, hakuwa miongoni mwao. Mwisho wa mwaka akaambiwa arudie tena.

Hivyo basi, Januari 2004 nilipoingia Darasa la Saba, nilimkuta dada yangu humo.

Mimi niliketi safu ya mbele, yeye nyuma karibu na mlango. Nyumbani tulitoka pamoja, lakini tukifika langoni tuliachana kama watu wasiojuana. Mwalimu aliporudisha karatasi za mtihani alizisoma kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Langu lilikuja mapema. Kisha ningekaa pale nikiangalia dawati, nikisubiri la dada, huku darasa likianza kucheka jinsi orodha ilivyozidi kushuka. Muhula wa pili, asubuhi moja, aliniambia nitangulie kwani amesahau kalamu. Hakuja siku hiyo, na hakurudi tena.

Mimi nilifanya KCPE mwaka 2005. Shule yetu ikaongoza tarafa nzima, na Januari 2006 wazazi wakachanga pesa tukachinjiwa fahali. Nilikula nyama ile. Nilipewa na seti ya hisabati. Miaka mingi ilipita kabla sijajiuliza wastani ule tulioshangilia ulipatikanaje.

Hebu chukua kalamu, msomaji. Tuseme shule ina watahiniwa watano, na alama zao ni 400, 350, 300, 200 na 150. Jumla ni 1,400, na wastani ni 280. Sasa waambie wale wawili wa mwisho warudie darasa, au wakasajiliwe kwingine. Wanabaki watatu, jumla 1,050, na wastani unapanda hadi 350. Shule imeongeza alama 70 na hakuna mtoto hata mmoja aliyejifunza neno jipya. Huo ndio uliokuwa ujanja, na haukuwa wa shule yetu pekee. Wanaozungumza juu ya dada yangu husema "aliacha shule". Mimi husema alitolewa katika hesabu.

Serikali haikukaa kimya moja kwa moja. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza mwanafunzi kurudishwa darasa au kufukuzwa. Mwaka uliofuata, Waziri wa Elimu wakati huo, Profesa Jacob Kaimenyi, alipiga marufuku kuorodhesha shule na watahiniwa kwa matokeo ya mitihani ya kitaifa. KCPE yenyewe, iliyoanza mwaka 1985, ilifanywa mara ya mwisho na watoto wa Darasa la Nane mwaka 2023. Lakini kuondoa orodha ni jambo moja, na kumpa mwalimu sababu ya kumwangalia yule aliye karibu na mlango ni jambo jingine. Pita leo kwenye vituo vya matatu uone mabango ya shule za kibinafsi yakitangaza wastani wao. Tabia haikufa.

Basi turudi Eastlands.

Nilifika nikamkuta dada amevaa gauni lake la kanisani, ameketi safu ya nyuma kabisa ya hema. Nikamwuliza mbona tusisogee mbele palipokuwa na viti. Akasema, "Hapa panatosha." Nikaketi.

Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni kwamba hapakuwa na meza ya zawadi. Palikuwa na meza, ndiyo, lakini juu yake palipangwa maboksi manne ya viatu. Kila boksi lilikuwa limebandikwa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene: Herufi, Neno, Aya, Hadithi. Kando yake palikuwa na cheti kimoja ndani ya fremu ya mbao. Cheti hicho, tuliambiwa, kilitoka kwa ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, na hakikuwa cha mwanafunzi yeyote. Kilikuwa cha shule, kwa kupunguza pengo kati ya wanafunzi wake wa mbele na wa nyuma.

Mzee mmoja karibu nami alimnong'oneza jirani yake, "Kwa hivyo tumeongoza au hatujaongoza?" Lilikuwa swali la haki. Hata mimi sikujua.

Mwalimu aliyesimamia mpango huo, mama wa makamo mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti, alisimama kueleza. Mwanzoni mwa mwaka yeye na wenzake waliwaita watoto wa Gredi ya Tatu, ya Nne na ya Tano mmoja mmoja, kila mmoja akaketi naye chini ya mti kwa dakika chache. Mtoto alipewa karatasi. Anaweza kusoma hadithi fupi? Ikiwa hawezi, apewe aya. Ikimshinda, apewe maneno. Yakimshinda, aonyeshwe herufi. Kwa kila mtoto mwalimu alitia kifuniko kimoja cha soda katika boksi la kiwango alichofika.

"Nilipomaliza," alisema, "nililiinua boksi la Herufi nikaona ni zito. Na baadhi ya vifuniko vile vilikuwa vya watoto wangu mwenyewe wa Gredi ya Tano, ambao nilikuwa nimewafundisha mwaka mzima nikidhani wanasoma. Walikuwa wakikariri kwa kumsikiliza jirani."

Waama, si kila mwalimu anayeweza kuyasema hayo mbele ya wazazi na mkubwa wake wa kazi.

Kisha wakafanya jambo ambalo ni rahisi kulieleza na gumu kulitenda. Kwa saa moja kila asubuhi, madarasa yale matatu yalivunjwa. Mtoto hakwenda kwenye gredi yake bali alikwenda kwenye kundi la kiwango chake. Wa Gredi ya Tano asiyejua kuunganisha herufi aliketi na wa Gredi ya Tatu wa aina yake, wakaimba silabi, wakapanga kadi za maneno sakafuni, wakasimuliana hadithi na kuziandika. Waliokwisha kujua kusoma walipewa vitabu na kazi ya kuandika. Kila baada ya wiki kadhaa watoto walipimwa upya, na kifuniko kikahamishwa. Saa ile ikiisha, kila mtoto alirudi darasani kwake.

Hapa niruhusu nitoke kando kidogo, kwa sababu jambo hili lina historia, na sehemu ya historia hiyo ni ya kwetu Busia.

Katika miaka ya 1990 watafiti, akiwemo Mmarekani Michael Kremer, walichunguza shule za msingi za Busia ili kujua kama kugawa vitabu vya kiada kungeinua matokeo. Kila mtu alidhani jibu ni ndiyo. Vitabu vilipogawanywa, waliofaidika ni watoto waliokuwa tayari mbele. Wastani wa mtoto wa kawaida haukusogea. Vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, na mtoto ambaye hakukisoma aliviona kama picha tu. Msaada ulifika shuleni ukawapita walioukosa zaidi. Nilipousoma utafiti ule nilikaa na karatasi mkononi muda mrefu. Nilimwona dada yangu na kitabu chake cha Kiingereza, kilichobaki kipya hadi mwisho wa mwaka kwa sababu hakikuwa na kazi.

Kule nchini India, shirika la Pratham lilianza kuwapanga watoto kwa kiwango cha kusoma badala ya umri au darasa, na mtindo huo baadaye ukasambaa hadi nchi kadhaa za Afrika. Kremer na wenzake Abhijit Banerjee na Esther Duflo, waliochunguza mambo ya namna hii kwa miaka mingi, walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019.

Sasa najua kuna msomaji anayekunja uso: "Kwani kuwatenga wanyonge si ndiko kulikomharibu dada yako?" Nami nilijiuliza hivyo hivyo chini ya lile hema. Shuleni kwetu kulikuwa na mikondo miwili, na kila mtoto alijua upi ni wa werevu. Mkondo wa wengine ulipewa mwalimu aliyekuwa akikosekana, na chumba chenye dirisha lililovunjika. Huko kulikuwa ni kutupwa. Lakini mwaka 2005, mwaka ule ule wa KCPE yangu, Duflo, Pascaline Dupas na Kremer walianza jaribio katika shule 121 za Magharibi mwa Kenya zilizopewa mwalimu wa ziada wa Darasa la Kwanza. Katika karibu nusu ya shule hizo watoto waligawanywa kwa kiwango chao, na katika nyingine waligawanywa ovyo. Pale walipogawanywa kwa kiwango, watoto wa mbele na wa nyuma wote walifanya vyema kuliko wenzao. Sababu inayotolewa ni kwamba mwalimu aliyekuwa na watoto wa nyuma peke yao hatimaye alifundisha kile walichokihitaji. Kwa hivyo jambo la kuuliza ni kama mwalimu yuko pale, na kama mtoto ana njia ya kutoka katika kundi hilo. Dada yangu hakuwa na chochote kati ya hivyo viwili.

Turejee hemani, maana mambo yalikuwa yameanza kupamba moto. Baba mmoja aliyevaa koti la kijivu alisimama kabla hajapewa nafasi. Alisema binti yake ni wa kwanza tangu Gredi ya Kwanza, na hajaitwa kwa lolote leo. "Sisi ambao watoto wetu wanasoma, tumepata nini? Ama saa ile imekuwa ya kuwangoja wengine?"

Watu walinung'unika, wengine kwa kumuunga mkono. Nilimwelewa. Baba yangu angaliuliza vivyo hivyo kwa niaba yangu.

Afisa wa elimu ndiye aliyejibu, na jibu lake ndilo lililonifanya nitoe daftari langu mfukoni. Alisema pengo laweza kupunguzwa kwa njia mbili, na moja ni ya aibu: kuwaacha wa mbele walale hadi wa nyuma wawafikie. Shule ikifanya hivyo, hesabu zitapendeza na watoto wataharibika. Ndiyo sababu ofisi yake ilipotazama matokeo ilianza na watoto wa mbele, kuona kama wameshuka. Hawakuwa wameshuka. Kisha ikahesabu watoto walioandikishwa Januari na waliokuwepo mwisho wa mwaka, kuona kama kuna waliofichwa. Hawakuwepo. "Kama kungekosekana mtoto mmoja bila maelezo," alisema, "cheti hiki kingerudi na mimi ofisini."

Kuhesabu walioandikishwa na waliobaki! Nilimtazama dada. Alikuwa akiangalia mbele, mikono ameikunja juu ya mkoba.

Wazo la kuituza shule kwa sababu hii si la kwetu pekee. Marekani ilikuwa na mpango wa serikali ya kitaifa uliojulikana kama National Blue Ribbon Schools, ulioanza mwaka 1982. Ulifika wakati ambapo shule iliweza kutambuliwa kwa moja ya njia mbili: ama matokeo ya juu sana, ama kupunguza pengo kati ya makundi ya wanafunzi wake. Serikali hiyo iliukomesha mpango huo mwaka 2025. Nilipenda njia ile ya pili, kwa kuwa shule iliyojaa watoto wa wazazi wasio na kitu inaweza kufanya kazi kubwa mno na bado isiwe ya kwanza popote. Kwa kipimo cha wastani, shule ya mpwa wangu ingeketi chini ya ile ya kibinafsi iliyo ng'ambo ya barabara, ambayo huwapa watoto mtihani kabla ya kuwapokea. Shule inayochagua wanaosoma kisha ikajisifu kwamba wanasoma inanikumbusha daktari anayetibu wazima peke yao.

Baba wa koti la kijivu hakuridhika kabisa, nilimwona. Aliuliza vitabu vya kundi la binti yake vinatoka wapi, akaambiwa ni vichache na vimechakaa. Akasema ataleta vingine. Akaketi.

Ndipo mwalimu akalichukua boksi la Herufi na kulitikisa mbele ya kipaza sauti. Mlio wake ulikuwa mdogo, wa vitu vichache vinavyogongana. Akavimimina kiganjani.

"Viwili," alisema. "Wazazi wao nimezungumza nao, na watoto wenyewe wanajua bado tuko pamoja. Mmoja tunaamini macho yake yana tatizo, amepangiwa kwenda hospitali. Mwingine sijajua. Nitajua." Akavirudisha ndani ya boksi, akalifunika.

Hakuwataja majina. Wala hakutaja majina ya waliohama kutoka boksi moja hadi jingine. Alisema tu kwamba mzazi anayetaka kujua kifuniko cha mtoto wake kiko wapi amwone baada ya sherehe, na mstari ukawa mrefu kuliko ule wa chakula.

Dada yangu hakusimama. Nilimwuliza kama haendi kuuliza. Akasema miguu yake imekufa ganzi. Basi nikampigia mpwa wangu mluzi, akaja mbio, shati likiwa nje ya kaptura.

"Mjomba, umeniletea soda?"

"Kwanza niambie, kifuniko chako kiko boksi gani?"

"Aya," alisema bila haya yoyote. "Nilikuwa Neno. Hadithi bado, maneno marefu yananisumbua. Mwalimu amesema tukifungua shule nitajaribu tena."

Yuko Gredi ya Tano. Kwa umri wake angepaswa kuwa Hadithi tangu kitambo, na mimi na dada tulilijua hilo. Katika shule niliyosoma mimi angekuwa anaketi karibu na mlango. Lakini alilitaja boksi lake kama mtu anayetaja kituo ambapo matatu yake imefika, akijua kwamba gari linaendelea.

Dada aliinuka. Akamrudishia mwanawe shati ndani ya kaptura, akafuta kumbi za macho kwa ncha ya leso, akaenda mbele, akasimama mwisho wa ule mstari. Nilimwona akifika kwa mwalimu. Walizungumza muda mrefu, mrefu kuliko inavyohitajika kutaja neno "Aya". Sikusogea kuwasikiliza.

Aliporudi alinipa mkono kama tuliokuwa tukikutana mara ya kwanza siku ile, kisha akacheka. Tulienda kwenye kibanda kilicho nje ya lango, nikanunua soda tatu. Mpwa wangu alisoma bango la kibanda kwa sauti, akakwama kwenye neno "vinapatikana", akalikata vipande, akalimaliza. Mwenye kibanda akatufungulia chupa, na vifuniko vikaanguka mchangani. Dada akainama akaviokota vyote vitatu, akavipangusa, akavitia mkobani.

"Wanaanza upya Januari," akasema. "Mwalimu amesema havijatosha, kuna watoto wapya wanakuja."